Balbu Nyeupe za Taratibu

Jumatatu alfajiri, hatua chache kabla ya daraja, gari la Taratibu lilisimama kwa kishindo hadi ndoo zilizokuwa kwenye buti zikagongana. Mpishi Mkuu, aliyekaa mbele kama kawaida yake, alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Mbele ya bampa, karibu sana kiasi cha kuweza kuligusa gari kwa goti, alisimama mtu na baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Yule mtu hakupiga kelele wala hakutukana. Aliitazama taa ya kushoto, akaitazama ya kulia, kisha akasukuma baiskeli yake na kuvuka polepole, kama mtu anayejikagua kama viungo vyake vyote bado vipo.

"Taratibu," Mpishi Mkuu alisema, "hukumwona yule?"

"Nimemwona. Si nimesimama?"

"Umesimama kwa sababu nimekuambia simama."

Taratibu aliingiza gia, gari likasogea.

"Ni taa hizi," alisema. "Zimechoka. Zimekuwa kama kibatari. Wiki hii hii nabadilisha balbu, naweka zile nyeupe."

Nyuma walikaa wapishi wengine wawili, ndugu wa kike wa tumbo moja. Mkubwa walimwita Chumvi kwa sababu ya mkono wake mzito jikoni, na mdogo hakuwa na jina la utani kwa sababu alikuwa mwepesi wa kuwabandika wenzake. Chumvi akasema, "Ukienda kununua balbu, ulizia na dereva. Pengine wanauza pamoja."

"Wakikupa kwa jozi, sisi tunachukua mmoja tu," mdogo wake akadakia. "Tena kijana."

Wakacheka, na Taratibu akacheka nao. Lakini alipovuka daraja alishikilia usukani kama mtu aliyebeba sinia la glasi. Hilo daraja lilikuwa jembamba, na kingo zake za chuma zilichukuliwa na mafuriko miaka mingi iliyopita. Chini kulikuwa na mawe. Alilivuka kila siku kwa mazoea tu, kwa kuhesabu moyoni, na tangu mvua zianze alikuwa amehesabu vibaya mara mbili. Mara ya kwanza alikwangua kioo cha pembeni kwenye nguzo ya umeme. Mara ya pili ilikuwa mbwa, na mbwa alijiokoa mwenyewe. Hizo mbili hakumwambia mtu. Hii ya tatu ilikuwa na mashahidi.

Taratibu alikuwa ameshika usukani miaka thelathini na minne. Alianza utingo kwenye lori la mchanga, akafundishwa kuendesha na dereva mlevi aliyetaka mtu wa kumrudisha nyumbani, na tangu siku aliyopata leseni hakuwahi kukanyaga hata kuku. Jina lake lilitokana na hilo. Akiwa na abiria mwenye haraka alikuwa akisema, "Taratibu, tutafika wote," na watu wakaligeuza kuwa jina. Alipostaafu udereva wa ofisi alinunua gari ambalo lilikuwa zee tangu siku ile, la rangi ya buluu iliyopauka, madigadi yake yamepakwa rangi kwa brashi. Akapata kazi ya kuwabeba wapishi wa shule ya bweni iliyokuwa ng'ambo ya daraja. Watoto mia nne walikuwa wakiamka saa kumi na mbili na kukuta chakula kiko tayari, na wapishi walipaswa kuwasha majiko saa kumi na moja. Kwa hiyo saa kumi na nusu, giza likiwa bado zito, Taratibu alikuwa mlangoni kwa Mpishi Mkuu, injini inanguruma.

Kazi hiyo aliipenda kuliko zote. Wale wanawake walimtania, walimsema, walimwambia habari za majumbani mwao kama vile hana masikio, na wakishuka kila mmoja alisema, "Haya baba, mchana." Walimwamini. Mpishi Mkuu alikuwa akisinzia kuanzia kona ya kwanza hadi getini, mdomo wazi. Tangu mwezi uliopita alikuwa ameacha kusinzia, na Taratibu aliliona hilo ingawa hakulisema.

Alikuwa na kaka yake, dereva kama yeye, tena wa mabasi makubwa. Kaka alianza kulalamika kwamba barabara zimekuwa na ukungu. Wanawe wakamwomba ufunguo, wiki moja tu, apumzike. Wiki ile haikuisha. Sasa kaka alikuwa mtu wa kukaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, anaambiwa anyanyue miguu mtu apige deki. Taratibu akienda kumtembelea alikuwa akiondoka kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo zilikuwa taa. Zilipaswa kuwa taa.

*

Duka la vipuri lilikuwa chumba kimoja chembamba chenye kaunta ya mbao iliyolainishwa na viwiko vya wateja. Ukutani kulikuwa na ubao wenye soketi za kila aina, na kutoka ubaoni nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, zilishuka hadi kwenye betri ya lori iliyokaa sakafuni. Mwenye duka alikuwa mjane wa makamo ambaye kila mtu alimwita Mama Balbu, ingawa aliuza hata mikanda na plagi. Alikuwa na desturi moja: hakuuza balbu bila kuiwasha kwanza kwenye ubao wake, mteja akitazama kwa macho yake. "Ukiiona inawaka hapa na ikagoma kwako, ni wewe na gari lako," ndivyo alivyokuwa akisema.

Siku ile kulikuwa na mteja mwingine, kijana wa pikipiki, amekaa juu ya tairi akisubiri aletewe cheni kutoka stoo.

"Nataka nyeupe," Taratibu alisema. "Nyeupe kabisa. Zile zinazofanya barabara iwe mchana."

"Gari lipi, baba?"

Akamwonyesha kwa kidevu. Mama Balbu akainama kuchungulia mlangoni.

"Lile? Mimi nilidhani limeegeshwa pale na serikali kwa kumbukumbu."

"Hilo litawazika haya ya kwenu ya plastiki."

"Sikatai. Balbu zake ni za miguu mitatu, fulu ya mbali na dimu ya karibu pamoja. Umekuja na zile za zamani?"

Alikuja nazo, amezifunga kwenye leso. Alizifungua taratibu, huku moyoni akiziombea mabaya. Alitaka ziwe zimeingia moshi, au uzi wake umelegea, au chochote. Mama Balbu akaichukua ya kwanza kwa kitambaa, akaichomeka, ikawaka. Akaichomeka ya pili, nayo ikawaka.

"Hizi nzima kabisa, baba. Hata mwaka mzima zitakusukuma."

"Basi ni bakuli za taa. Zimepoteza mng'aro. Gari la zamani hilo."

Mama Balbu hakubishana. Alitoka nje, akaenda mbele ya gari, akapangusa kioo cha taa kwa upindo wa kanga yake, akafinya jicho moja na kuchungulia ndani kwa tochi ndogo. Akafanya vivyo hivyo upande wa pili.

"Bakuli zinang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Unazitunza."

"Waya, basi. Umeme haufiki wote."

Akarudi ndani, akatoka na kipimo chake. Akamwambia awashe injini, awashe taa, akagusisha ncha mbili kwenye plagi ya kulia, kisha ya kushoto, akisoma namba kwa midomo isiyotoa sauti. Taratibu alikaa kwenye usukani akimtazama kupitia kioo cha mbele kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

"Umeme unafika," alisema. "Gari lako halina ugonjwa, baba."

"Mama, mimi nimekuja kununua balbu nyeupe. Nikija kununua sukari utanipima na kisukari?"

Kijana wa pikipiki akacheka. Mama Balbu naye akatabasamu, akainua mikono kwamba yameisha. Alishusha maboksi matatu.

"Hii ya wati mia sikuuzii. Waya zako ni za zamani, itayeyusha soketi na utarudi hapa na harufu ya plastiki. Hii ya katikati ni nyeupe kidogo, nzuri. Hii ya mwisho ndiyo wanayoililia vijana, nyeupe ya kibuluu. Lakini nikuambie ukweli, haimuliki mbali kuliko hiyo yako ya zamani. Ni rangi wamepaka kwenye kioo, na rangi inakula mwanga. Mvua ikinyesha inakurudishia mwanga wote usoni."

"Nipe hiyo ya mwisho."

"Haya. Tuiwashe."

Kwenye soketi ya kushoto aliacha balbu ya zamani. Kwenye ya kulia akachomeka ile mpya. Akabonyeza swichi.

"Angalia mwenyewe. Ipi nyeupe zaidi?"

Taratibu akatazama. Aliona taa mbili, zote za njano kama kiini cha yai, kila moja imezungukwa na manyoyamanyoya ya mwanga. Akasubiri. Alidhani Mama Balbu bado hajamaliza.

"Washa na hiyo nyingine," alisema.

"Zote zinawaka, baba."

"Basi umekosea boksi. Hizi ni aina moja."

Kijana wa pikipiki akapasuka kicheko. "Mzee una utani wewe. Hiyo ya kulia inachoma mpaka mimi huku nimegeuza uso."

Taratibu akacheka, na kicheko chake kikatoka peke yake, hakuna aliyekisindikiza.

"Nilikuwa nakupima wewe mama, kama unaijua kazi," alisema. Akainamisha kichwa na kuanza kutafuta pochi kwenye mfuko wa suruali, akichukua muda mrefu kuliko inavyochukua. Alisikia swichi ikizimwa, kitu kikichomolewa, swichi ikiwashwa tena.

"Kwa hiyo tuseme hii ya kulia ndiyo unachukua?" Mama Balbu aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa. "Iangalie vizuri. Hii nyeupe ya kulia."

Akainua macho. "Ndiyo. Hiyo hiyo ya kulia. Weupe wake unaonekana."

Kijana wa pikipiki alifungua mdomo, kisha akaufunga na kutazama viatu vyake. Hapo ndipo Taratibu alipojua.

"Nimezihamisha, baba," Mama Balbu alisema.

Cheni ilikuwa imeletwa. Kijana akaichukua, akaaga kwa heshima iliyozidi, akatoka. Mama Balbu akazima ubao. Akasubiri hadi pikipiki ilipowaka na kuondoka.

"Marehemu wangu alianza hivi hivi," alisema. "Mwezi mzima alinigombeza kwamba sijui kufua, kwamba mashuka yote nimeyageuza njano. Nami nikawa nazidisha sabuni. Kumbe ni mtoto wa jicho. Ugonjwa huo unakua ndani ya jicho kidogo kidogo, kama moshi kwenye dari ya jiko, na mwenyewe husikii kitu."

Jumapili iliyopita, nyumbani kwake, Taratibu alimtupia mke wake shati jeupe kitandani akisema hilo si shati, hilo ni tambara la kufutia mafuta. Mke wake alilitazama shati, akamtazama yeye, akalikunja bila neno.

"Mimi si mume wako," Taratibu alisema.

"Najua. Yeye alichelewa kusikia, ndiyo maana wewe nakuambia mapema. Siku hizi wanautoa, baba. Kliniki ya macho, asubuhi unaingia, jioni uko kwako."

"Na kazi yangu inafanywa na nani siku hiyo? Na ya pili? Na ya kumi?"

"Hilo silijui."

"Basi nifungie balbu zangu."

Akazifunga. Alipomkabidhi hakuachia boksi mara moja, wakalishika wote wawili juu ya kaunta.

"Mimi nauza balbu," alisema. "Macho siuzi. Usije ukawaambia watu kwamba zangu ndizo mbovu."

*

Jioni, jua likiwa linazama, alizifunga mwenyewe uani. Hapo hakuhitaji macho. Alijua wapi kidole gumba kinasukuma waya ya kubana, wapi mpira unavuliwa, na kwamba kioo cha balbu hakiguswi kwa mkono mtupu kwa sababu mafuta ya ngozi yanakipasua kikipata moto. Alishika kwa kitambaa, akachomeka, akabana. Akaligeuza gari lielekee ukuta wa choo, ambao mke wake aliupaka chokaa mwaka huo huo, akawasha.

Mke wake alikuwa fundi cherehani. Siku nzima alishinda na nyuzi, na rangi alizijua kwa majina ambayo wengine hawakuyajua. Alitoka ndani na pini tatu mdomoni, akasimama.

"Mh," alisema, akizitoa. "Hizo kweli. Ukuta umekuwa kama karatasi ya daftari jipya. Unaona?"

Taratibu alitazama ukuta. Ulikuwa wa njano, kama ulivyokuwa jana na juzi. Akasogea karibu na gari, kana kwamba umbali ndio ulioharibu. Ukuta ukabaki vile vile.

"Naona," alisema. "Zimekuwa nyeupe."

Mke wake hakuondoka. "Mume wangu. Kesho nije nawe? Nina kitambaa cha kupeleka ng'ambo."

"Kitambaa gani cha kupelekwa saa kumi usiku?"

"Nimeuliza tu."

"Gari limejaa. Ndoo za wapishi zimejaa hadi juu."

Akaingia ndani, naye akabaki uani na taa zake. Alijiambia kwamba mwanga si lazima uuone weupe wake, mradi upo. Kama wengine wanaona ukuta kama karatasi, basi na barabara nayo itakuwa karatasi, na mtu mwenye nguo nyeusi juu ya karatasi ataonekana tu. Alijiambia hivyo mara nyingi. Usiku huo hakulala vizuri, akawa anahesabu daraja: kutoka jiwe la kilomita hadi mwanzo wa saruji, moja hadi tisa kwa gia ya pili.

*

Alfajiri, Mpishi Mkuu alipofungua geti lake alikinga uso kwa mkono.

"Ala! Leo umekuja na jua lako mwenyewe. Punguza, majirani watadhani tumefumaniwa."

Chumvi na mdogo wake nao walipopanda walisifu. Chumvi alisema anaona hadi namba ya mlango wa jirani, ambayo hakuwahi kujua kama ni saba au moja. Mdogo wake akasema sasa atakuwa anachagua mchele humo humo garini ili kuokoa muda. Mpishi Mkuu alijiegemeza vizuri kwenye kiti, akakunja mikono juu ya tumbo, na kabla ya kona ya kwanza akafumba macho. Alikuwa amerudi kusinzia. Alikuwa ameamini.

Taratibu aliendesha katikati ya furaha hiyo kama mtu anayesikiliza redio ya chumba cha pili. Wote watatu walikuwa wanasafiri kwenye barabara nyeupe, naye alikuwa kwenye barabara yake ile ile ya njano, yenye kingo zilizolowa kama karatasi iliyomwagikiwa chai. Aliitikia "ndiyo, ndiyo," na akapunguza mwendo.

Walipopita kituo cha mafuta mvua ikaanza. Kwanza matone, kisha ikamiminika kwa pamoja. Akawasha waipa. Na hapo lile alilolisema Mama Balbu likatokea: mwanga wote uliotoka mbele ulirudi. Mbele ya kioo kulisimama pazia, na pazia lilimeremeta, na nyuma ya pazia hakukuwa na kitu. Alishusha kutoka fulu kwenda dimu. Pazia likashuka kidogo tu.

"Mvua hii," Chumvi alisema nyuma. "Baba, si ungesimama kidogo?"

"Tutachelewa majiko."

Alitafuta jiwe la kilomita. Lilikuwa upande wa kushoto, limepakwa chokaa, kila siku alilipata. Alitazama kushoto hadi shingo ikamuuma. Ama alikuwa hajalifikia, au alikuwa amelipita. Akaanza kuhesabu kutoka mahali alipodhani. Moja. Mbili. Gia ya pili. Tatu.

Mbele, ng'ambo, lori likatokea. Taa zake hazikuwa taa mbili, zilikuwa ua moja kubwa la moto lililochanua kwenye kioo chote, na petali zake zikafunika barabara, boneti, waipa, na mikono yake mwenyewe usukanini. Taratibu hakuona kitu chochote duniani. Sikio lake lilisikia matairi ya gari lake yakibadilisha sauti, kutoka lami kwenda kitu kingine. Hakujua kama ni saruji ya daraja au changarawe za pembeni.

Hesabu ilikuwa nne au tano. Hakukumbuka.

Akakanyaga breki hadi mwisho.

Gari likasota kidogo, likakaa. Lori likapita na honi ndefu, likatikisa madirisha, likaenda. Mpishi Mkuu aliamka na kugonga goti.

"Nini? Kuna nini?"

Taratibu alivuta breki ya mkono. Akazima injini. Mvua ikasikika vizuri juu ya bati la gari.

"Mama," alisema, akitazama mbele. "Niambie tuko wapi."

"Utani gani huu?"

"Si utani. Niambie gurudumu la upande wako limekanyaga nini."

Mpishi Mkuu alimtazama, kisha akashusha kioo na kutoa kichwa nje. Alikaa hivyo kwa muda, mvua ikimpiga kilemba. Alipokirudisha kichwa ndani sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Changarawe," alisema. "Kisha majani. Kisha hakuna kitu. Mto uko hapa chini. Daraja liko upande wako huko, hujaliingia, umelikwepa."

Nyuma, mdogo wa Chumvi alianza kuomba Mungu kwa sauti ndogo, haraka haraka.

"Sioni," Taratibu alisema. "Si taa. Taa ni nzima, hata zile za zamani zilikuwa nzima. Nina mtoto wa jicho. Sizioni hizo nyeupe mnazozisifu. Tangu jana sijaziona."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze. Pengine na kabla."

"Miezi miwili," Mpishi Mkuu alisema. "Miezi miwili unatubeba."

"Ndiyo."

"Mimi nina watoto wanne, Taratibu. Hawa wawili wana mama mgonjwa. Huyu mdogo hata hajaolewa. Tumekaa humu tunakuchekea, wewe unapiga ramli na daraja."

Taratibu angeweza kumwambia habari za kaka yake na kiti cha plastiki, lakini ndani ya gari lile, na mto pale chini, haikuwa habari ya kumwambia mtu.

"Shukeni upande wangu," alisema. "Mmoja mmoja. Msitikise."

Alishuka kwanza yeye, akashika mlango, akawapa mkono. Chumvi alishika mkono wake kwa nguvu, kisha akauachia haraka kama aliyekumbuka kitu. Mpishi Mkuu alitoka mwisho, akijikokota juu ya gia, akisema maneno ambayo watoto wa shule ile hawakuwahi kumsikia akiyasema. Wakasogea hadi kwenye lami. Mpishi Mkuu akawatuma wale wawili watangulie kwa miguu na ndoo moja, robo saa tu hadi getini, wakawashe majiko.

"Na wewe, dada?" Chumvi aliuliza.

"Mimi nabaki na huyu. Nikiondoka atalirudisha nyumbani kwa kuhesabu."

Wakakaa wote wawili kwenye jiwe, wamejifunika turubai la buti. Jiwe lenyewe lilikuwa lile la kilomita. Alikuwa amelipita kwa hatua ishirini. Mara moja tu Mpishi Mkuu alisema, "Nilikuwa nalala humo," na kutikisa kichwa, na hilo lilimuuma Taratibu kuliko matusi yote.

Mvua ilipungua na mbingu ikaanza kufunguka. Vitu vikaanza kutoka gizani kimoja kimoja.

"Haya," Mpishi Mkuu alisema. "Kumekucha. Hapo sasa unaona nini? Usinidanganye."

Tangu mvua zianze hakuna aliyemuuliza hivyo na Taratibu akamjibu kweli.

"Nakuona wewe. Kilemba chako, sijui rangi yake. Naona gari. Daraja naliona mwanzo wake, mwisho wake siuoni. Pale kwenye daraja, upande wa kushoto, kuna kitu. Gunia. Au mbuzi amelala."

Mpishi Mkuu alitazama alikoonyesha.

"Ni mwanamke," alisema. "Ameinama anafunga kamba za viatu. Ana mtoto mgongoni."

Taratibu aliendelea kutazama. Lile gunia likainuka, likawa refu, likaanza kutembea kuwaelekea. Lilipita karibu nao na kusalimia kwa sauti ya msichana, na mtoto mgongoni akapiga chafya.

"Kliniki ya macho inafunguliwa saa ngapi?" Mpishi Mkuu aliuliza.

"Sijui. Saa mbili, nadhani."

"Tutapanda gari la abiria. Kwanza tutapita jikoni niwaambie, kisha tutapita kwako kwa mkeo. Utamwambia mwenyewe, mimi nitasimama mlangoni."

"Na kesho? Mtapandaje?"

"Kesho tutatembea. Kwani miguu tumeiuza?" Aliinuka, akakung'uta turubai. "Na ukipona tutaona. Sikuahidi kitu."

"Sawa, mama."

Walianza kuondoka. Mpishi Mkuu akasimama, akageuka.

"Umeacha taa zako zinawaka."

"Kweli?"

"Kweupe kabisa, nazo zinawaka. Utamaliza betri."

Taratibu alirudi kwenye gari. Alisimama mbele yake, akainama, akatazama ile taa ya kushoto kwa karibu sana, na hakuweza kusema kama inawaka au haiwaki. Akaweka kiganja juu ya kioo. Kilikuwa cha moto. Akafungua mlango, akaingiza mkono, akazima.